Kilichogusa Sinia

Ngowa wa Garama alikuwa mtu wa kuhesabu. Wako waliojaliwa sauti, wako waliojaliwa mkono wa kulima. Yeye Mungu alimpa jicho ambalo kitu hakikupita mbele yake bila kupata namba. Kule Kilindini, alikoandikwa karani wa mizigo mwaka ule vita vilipoanza, alisimama mlangoni mwa ghala na ubao wake mkononi, na kila gunia lililoshushwa alilipigia mstari. Mistari minne, kisha wa tano wa kuikata. Wapagazi walimtania, winchi ililia juu ya kichwa chake, jua lilimchoma utosi, na mistari yake haikuzidi wala kupungua.

Alikuwa na sheria moja. Gunia lililo hewani si gunia. Likigusa sakafu, hapo ndipo linapokuwa gunia. Sheria hiyo hakuipata shuleni. Karani aliyemtangulia alikuwa na haraka, akipiga mistari yake mzigo ungali unaning'inia. Siku moja kamba ilikatika, magunia kumi na mawili ya mchele yakaenda baharini, na kwenye ubao wa karani yalikuwa yamekwisha kufika. Alifukuzwa kabla ya adhuhuri. Ngowa ndiye aliyepewa ubao ule, ungali na mistari kumi na miwili ya mwenzake.

Kanisani Changamwe vilevile. Kila Jumapili baada ya ibada alikaa na wazee wawili akahesabu sadaka, na mtu akija na maneno ya, "Niandikie shilingi moja, nitaileta wiki ijayo," Ngowa alimjibu kwa upole, "Ikifika itaandikwa, mama." Hakuna aliyemchukia kwa hilo. Watu walisema, ukitaka kujua kiasi cha kitu, muulize Ngowa, hata kama kitu chenyewe ni cha adui yake. Maneno hayo aliyasikia, na yalimpendeza kuliko ilivyompasa mtu wa Mungu.

Vita vilipokwisha askari walirudi kutoka Burma, na pamoja na makoti yao ya kijani wakaleta mchezo wa karata unaoitwa poka. Kila mchezaji hupewa karata tano, akazificha, na mara moja huruhusiwa kubadilisha asizozitaka. Anayeziamini karata zake huweka fedha katikati. Anayetaka kubaki mchezoni sharti aweke sawa naye, au aongeze juu yake. Asiyeweza, hulaza karata zake chini, na alichokwisha kuweka kimekwenda. Wakibaki wawili au watatu hufunua, na mwenye karata bora huzoa zote. Askari hiyo fedha ya katikati waliiita poti. Changamwe waliiita sinia, maana walichezea uani kwa Kitsao kinyozi, na mke wa Kitsao aliwapa sinia la bati lenye maua mekundu ili senti zisizame mchangani.

Sheria yao ilikuwa kwamba mtu asiongeze zaidi ya kile kilichomo siniani, ili mwenye fedha nyingi asimtishe maskini kwa mfuko tu. Sheria nzuri. Lakini ni nini hasa kilichomo siniani? Hapo ndipo walipokatana.

Asubuhi moja ya Jumapili, Novemba ya mwaka 1946, Kitsao alimngoja Ngowa nje ya kanisa, kofia mkononi.

"Karani, nina ombi moja, na usikatae kabla sijamaliza."

"Ukianza hivyo nimeshakataa."

"Watu watauana kwangu. Jana Gona amekatwa sikio, na kwa wembe wangu mwenyewe, ule wa kunyolea watoto. Na wala si karata walizogombania. Ni hesabu. Kila mmoja ana hesabu yake."

"Waambie waache kucheza."

"Nimewaambia. Na wewe umewaambia watu waache tembo la mnazi miaka mingapi?"

Ngowa alicheka, na huko kucheka ndiko kulikomponza. Alifika uani kwa Kitsao Jumamosi iliyofuata, akakaa kwenye kiti cha kunyolea, akawasikiliza.

Waliobishana zaidi walikuwa wawili. Mutua, Mkamba, alikuwa mtia makaa wa garimoshi, mfupi, mtani, asiyejua kunyamaza. Erastus alitoka bara pia, akawa sajenti vitani, na sasa alikuwa mtunza stoo mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya kazi. Kitsao aliweka mfano: siniani mna shilingi kumi, mtu anaweka tano, je, anayemfuata anaweza kuongeza ngapi?

"Kumi," alisema Mutua. "Sinia ni lile lililokuwepo kabla huyu hajaanza kujigamba na tano zake."

"Ishirini," alisema Erastus. "Kwanza naweka tano kumfikia mwenzangu. Sinia sasa lina ngapi? Kumi, na tano zake, na tano zangu. Ishirini. Basi naongeza ishirini. Ndivyo tulivyohesabu Burma, mpaka na maofisa."

"Burma mlikuwa mnangoja kufa. Sisi tunangoja mwisho wa mwezi," alisema Mutua.

Ngowa aliwaacha wacheke. Kisha akasema kwamba Mutua anaacha tano ambazo macho yanaziona, na Erastus anahesabu tano ambazo zingali mfukoni mwake. Akawasimulia habari ya yale magunia kumi na mawili. Kilichogusa sinia ndicho sinia, alisema. Sinia lina kumi na tano, basi mtu ataongeza kumi na tano.

Walitazamana. Haikuwa hesabu ya Mutua wala ya Erastus, na kwa sababu hiyo wote wawili waliikubali.

Tangu siku hiyo alikuwa akienda kila Jumamosi alasiri, kazi zikitoka. Hakucheza. Hakuchukua hata senti. Kitsao alipotaka kumpa chochote alisukuma mkono wake, akanywa kikombe kimoja cha kahawa tu. Mchezo mzima walikuwa wakimgeukia: karani, ngapi? Naye anataja, na neno limekwisha. Mgomo wa Januari ulikuja ukapita, watu wakala mihogo mitupu, wakarudi kazini, wakarudi na kwenye sinia. Wembe haukuinuliwa tena.

Mkewe Kahaso hakupendezwa. "Aliyepanda mnazi kuiba na aliyeshika kikapu chini, wote wamekula nazi," alimwambia.

"Mimi sili. Wapatanishi wana heri yao, Kahaso. Na senti moja yao sijaigusa."

"Hukugusa senti. Umegusa jina. Unapenda wanavyokuita."

Ngowa alimwambia asemayo hayajui. Alikuwa anayajua.

Ngowa alikuwa na ndugu mmoja, Nzai, mdogo wake kwa miaka saba. Nzai alikwenda Burma, akarudi mzima isipokuwa usingizi, akawa kibarua bandarini. Hakukaa Changamwe na kaka yake. Alikaa ng'ambo ya pili, Mishomoroni, na mama yao Nyamvula, mjane aliyekuwa amepungua mwili lakini si sauti.

Mahali pale palikuwa pa baba yao, Garama, na hapakuwa pake. Ardhi ilikuwa ya tajiri mmoja wa kisiwani, na minazi ilikuwa ya aliyeipanda. Ndivyo walivyoafikiana tangu zamani, kwa mdomo, na hakuna aliyeona ajabu: udongo wa huyu, mti wa yule. Garama alipanda minazi thelathini na mmoja. Wa kwanza aliupanda siku alipozaliwa Ngowa, na wa mwisho siku alipozaliwa Nzai, na alipokufa walimzika katikati ya minazi hiyo miwili. Nyamvula alikuwa akifagia kaburi kila asubuhi kabla ya kufagia ua.

Mwaka 1947 mwenye ardhi aliamua kuuza shamba zima. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akanywa dafu.

"Mama Ngowa, umekaa hapa kwa adabu na sina la kukudai. Kipande hiki cha nyumba na kaburi nitakikata, nikuuzie wewe kwanza kwa mia tatu. Lakini nipe kabla ya Idd. Idd ikipita nauza chote pamoja, na huyo mnunuzi anataka kusafisha."

"Kusafisha nini?" aliuliza Nyamvula.

Mwenye ardhi alitazama chini. "Kusafisha, mama."

Nzai alikuwa na mia na hamsini zilizobaki katika fedha zake za kuachishwa jeshi. Ngowa alikuwa na mia moja aliyoiweka kwa miaka minne. Mia mbili na hamsini. Zote walimpa Nzai, kwa kuwa ndiye aliyekaa na mama. Ngowa aliomba mkopo kazini akanyimwa. Tangu ule mgomo wakubwa hawakukopesha mtu. Mwisho wa Julai zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku chache kufika Idd, na shilingi hamsini hazikuonekana zinakotoka.

"Tumwombe Mungu," alisema Ngowa.

"Tumwombe," alisema Nzai. "Lakini Idd haimngoji mtu, kaka."

Jumamosi ya kwanza ya Agosti, siku moja baada ya mshahara, Nzai alitokea uani kwa Kitsao. Alikuwa ametembea toka Mishomoroni, akavuka daraja la Nyali, akapita kisiwa kizima na Makupa, na vumbi lilimfika magotini. Alimwamkia kaka yake, akakaa penye mkeka, akafungua kitambaa chenye zile mia mbili na hamsini. Ngowa alikitambua kile kitambaa. Ni yeye aliyekifunga.

Hapo angeweza kusimama. Angeweza kumshika mdogo wake mkono akamtoa, na watu wangecheka wiki moja na kusahau. Lakini Mutua alikuwa amekwisha kuanza.

"Hee, leo karani amejiletea jamaa. Jamani tushike mifuko, mizani imepata mwenyewe."

"Hapa sina ndugu," alisema Ngowa. "Hapa nina sinia."

Waliguna kwa kuridhika, na Ngowa alijisikia vizuri. Nzai alimtazama kidogo, kisha akapokea karata zake.

Nzai hakuwa mchezaji mbovu. Alijifunza kwenye mahandaki, mvua ikinyesha. Lakini siku ile karata zilimkataa. Zilimpa mbili za kufanana pale mwenzake alipokuwa na tatu, na tatu pale mwenzake alipokuwa na zaidi. Kufika saa kumi alikuwa amebaki na mia na arobaini na tano. Jasho lilimlowesha mgongo.

Ndipo zikaja. Alikuwa na bibi wawili na saba mbili. Akabadilisha karata moja akaletewa bibi wa tatu. Bibi watatu na saba mbili: mtu hucheza mwaka mzima asizione. Walikuwa watatu mchezoni, Mutua, Erastus na yeye, na kila mmoja alikuwa amekwisha kuweka ishirini. Siniani mlikuwa na sitini. Mikononi mwa Nzai zilibaki mia na ishirini na tano.

Nzai alizipanga karata zake, akazipanga tena. Mutua alimwambia, "Mjeda, tufuge ndevu?" Lakini Nzai hakuwa anaogopa. Alikuwa anahesabu, na hesabu aliyoitumia ilikuwa ya kaka yake. Akiweka thelathini, sinia litakuwa na tisini. Erastus, ambaye macho yake yalionyesha kuwa ana kitu, ataweka thelathini za kumfikia, na mwisho wa kuongeza kwake ni tisini. Nzai atakuwa amebaki na tisini na tano. Tisini atazilipa, tano zitabaki. Na sinia zima litakuwa na mia tatu. Angeweka zaidi kidogo tu, asingeweza kufika. Angeweka pungufu, zisingetimia. Thelathini ndiyo iliyokuwa namba yenyewe.

Akaweka thelathini.

Mutua alilaza karata zake. Erastus alivuta kibeti chake polepole, akahesabu noti, akazishika juu ya sinia. "Thelathini zako," alisema, "na mia na ishirini juu."

"Tisini," alisema Nzai.

"Mia na ishirini. Sinia lina tisini, na thelathini zangu za kukufikia. Mia na ishirini."

"Hapa hatuhesabu hivyo, sajenti. Mwisho wako ni tisini."

"Mimi nahesabu nilivyofunzwa. Lakini mimi si mwenye neno." Erastus alinyanyua uso. "Karani. Ngapi?"

Ilikuwa ni lile swali alilojibu kwa miezi tisa. Hata Kitsao, aliyekuwa ananyoa mtu pembeni, angeweza kulijibu bila kugeuka. Thelathini za Erastus zilikuwa zingali mkononi mwake; zilikuwa hewani. Tisini.

Lakini Mutua, aliyeshindwa kukaa kimya hata kanisani, alisema kwa sauti ndogo, "Sasa tutaona. Maziwa waliyonyonya yalikuwa mamoja."

Watu wawili walicheka. Ngowa alihisi masikio yake yakipata moto. Alimwona kila mmoja uani pale akienda nyumbani kusimulia: alimpa ndugu yake. Alisikia likisemwa bandarini, likisemwa mlangoni mwa kanisa. Na akasikia jingine pia, tamu zaidi: hata ndugu yake hakumwachia.

"Mia na ishirini," alisema.

Nzai aligeuka mwili mzima. "Kaka."

"Nimesema."

"Na magunia, kaka? Na yale magunia kumi na mawili?"

"Fuata au ulale, Nzai. Watu wanangoja."

Zilipungua shilingi ishirini na tano. Sheria ya mkeka ilimruhusu mchezaji kukopa kwa yeyote aliye karibu, na Nzai alitazama mfuko wa shati la kaka yake, ambamo mshahara wa jana ulionekana umevimba. Hakuomba. Alitazama tu. Ngowa alikichukua kikombe chake, akanywa, ingawa kahawa ilikuwa imekwisha, yamebaki machicha. Mwenye kuhesabu haingizi mkono wake siniani. Hiyo sheria nayo aliitunga mwenyewe.

Nzai alizilaza karata zake zikiwa zimetazama juu. Bibi watatu, saba mbili. Erastus hakulazimika kuonyesha zake, lakini alikuwa mtu wa namna yake, akazifunua: ghulamu watatu na ree mbili.

"Ungenila," alisema, akakuna shingo. "Ungenila mpaka mfupa."

Nzai alifunga tisini na tano zake kwenye kitambaa. Fundo lilimshinda, akazishika hivyo hivyo mkononi. Alipopita karibu na kiti cha kunyolea alisema, kama mtu anayeaga siku zote, "Haya, kaka. Nimsalimie mama?"

"Msalimie."

Jioni ile watu walimsifu Ngowa. Kitsao alimsindikiza mpaka barabarani. "Wallahi sijaona," alisema. Alikuwa Mkristo lakini wateja wake wengi walikuwa Waislamu na maneno yao yalimkaa mdomoni. "Mtu kama wewe haonekani." Ngowa alitembea kuelekea nyumbani, na alipofika penye reli sifa hazikuwa tamu tena. Alihesabu tena njiani. Sitini, thelathini, thelathini, tisini, tisini. Mia tatu. Akahesabu tena. Mia tatu.

Idd ilipita. Shamba liliuzwa lote pamoja. Walikuja watu na mashoka na msumeno wa watu wawili, na minazi thelathini na mmoja ilianguka kwa siku tatu. Mwenye shamba mpya aliambiwa kuna kaburi, akasema waliwekee mawe kuzunguka. Wafanyakazi wake waliyachukua mawe yale kujengea banda. Nyamvula alihamia Changamwe, kwenye chumba kimoja cha Ngowa na Kahaso na watoto, ambako garimoshi lilipopita vikombe vilicheza kabatini. Asubuhi aliamka, akashika ufagio, akasimama nao. Ua wa kufagia haukuwepo. Kwa mwanawe hakutamka neno lolote kuhusu siku ile, jema wala baya.

Nzai alikwenda kaskazini, kwenye mashamba ya mkonge. Kaka yake alipomtafuta kumuaga aliambiwa amepanda lori alfajiri.

Wiki chache baadaye Erastus alimkuta Ngowa kwenye lango la bandari, akatembea naye.

"Karani, kuna neno linanisumbua. Siku ile kwa nini uligeuza?"

"Niligeuza nini?"

"Hesabu. Miezi tisa umesema kilichogusa sinia. Mimi nilipotaja mia na ishirini nilijua utazikata. Nilijaribu tu, kama mtu anavyopunguza bei sokoni. Ungesema tisini ningerudisha mfukoni thelathini zilizozidi, basi. Nani angegombana na wewe?"

"Wangesema nimempendelea ndugu yangu."

Erastus alisimama. Alionekana kushangaa kweli. "Wangesema? Kila mtu pale alijua ni tisini. Mutua mwenyewe alijua. Yule ni mdomo tu, hata maiti atamtania." Akatikisa kichwa. "Sisi tulidhani una ugomvi na mdogo wako."

Ngowa alikwenda kwa mchungaji akaungama. Mchungaji alikuwa mzee mwenye huruma, akasikia neno kamari, akashughulika na kamari. Alimsomea, akamwombea, akamwondoa kwenye kuhesabu sadaka kwa miezi mitatu. Ngowa alijaribu kumweleza kwamba kamari ina jina lake na adhabu yake, lakini lile jingine, lile la kumwibia ndugu yako haki yake ili watu wakuone wa haki, hakujua aliite nini. "Shetani ana njia nyingi," alisema mchungaji, akafunga kitabu. Miezi mitatu ilipokwisha walimrudisha mezani, kwa sababu walioshika nafasi yake walikosea kila Jumapili. Alihesabu. Hakukosea. Uani kwa Kitsao hakurudi tena.

Nzai aliugua homa huko kwenye mkonge, Machi ya mwaka 1949, na wenzake walimleta akiwa amekwisha kufa, juu ya lori la kamba za mkonge. Nyamvula aliuliza neno moja tu: "Atalala wapi?" Mahali pake palikuwa tayari tangu siku alipozaliwa, ubavuni mwa baba yake, na sasa palikuwa na banda. Walimzika kwenye makaburi ya watu wote, kati ya mtu kutoka Nyasa na mtoto ambaye hakuna aliyejua jina lake.

Siku ya tatu ya matanga walileta sinia la rambirambi, wakaliweka mbele ya Ngowa. Ndiye kaka mkubwa, na ndiye Ngowa. Nani mwingine angehesabu? Mutua alikuwa amekuja, kimya kwa mara ya kwanza. Erastus alikuwa amekuja, shati limepigwa pasi. Ngowa alihesabu kwa sauti, kama desturi, ili kila aliyetoa asikie alichotoa kimefika. Senti kwa senti. Shilingi arobaini na tatu na nusu.

Kisha alitia mkono mfukoni mwa shati, akatoa noti na shilingi alizokuwa ameziandaa tangu asubuhi, akaziweka juu.

"Na ishirini na tano," alisema.

Watu waliitikia, wakasema ndugu huyu ametoa sana kwa karani wa mshahara ule. Walimsifu.

Nyamvula, aliyekuwa ameketi ukutani na kanga yake nyeusi, alinyanyuka. Alikuja taratibu mpaka kwenye sinia, akainama, akaziokota zile noti na shilingi peke yake, bila kuchanganya na za watu. Hakukosea hata moja. Akachukua mkono wa mwanawe, akaufungua, akazitia ndani, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja kama alivyokuwa akimfanyia utotoni alipomtuma dukani.

"Nzai aliniambia," alisema. "Usiku ule ule. Alisema, mama, zilipungua ishirini na tano."

Hakuna mwingine aliyesikia, maana alisema kwa sauti ya chini, kwa Kigiriama chao.

"Naam, mama," alisema Ngowa.

"Hizi si za hapa. Zihesabu za watu, mwanangu, uwaambie ni ngapi."

Akarudi ukutani akakaa. Ngowa alizitazama zilizobaki siniani, akazihesabu upya kutoka mwanzo kwa sauti, ishirini na tano zikiwa zimefumbatwa mkononi mwake, na watu wakangoja.